Maria Montessori na Herufi za Msasa

Udongo upate ungali maji, ndivyo wahenga walivyotuusia. Lakini je, ndugu msomaji, udongo huo utafinyangwa vipi ikiwa mtoto haruhusiwi kugusa kitu? Swali hili Maria Montessori alilishughulikia maisha yake yote.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji wa Chiaravalle, Italia. Enzi hizo udaktari ulikuwa kazi ya wanaume, lakini alijikaza kisabuni akafuzu mwaka 1896 katika Chuo Kikuu cha Roma.

Kazi yake ilimfikisha kwa watoto waliosemekana kuwa na akili pungufu, waliofungiwa pamoja na wendawazimu. Inasimuliwa kwamba mtunzaji mmoja aliwadharau kwa sababu wakimaliza kula walikuwa wakichezea makombo sakafuni. Montessori akatazama chumba kile. Kilikuwa kitupu kabisa! Basi akatambua kwamba watoto hawakuwa walafi. Mikono yao ndiyo iliyokuwa na njaa. Akawapa vitu vya kushika, kupanga na kupapasa, na baadhi yao wakaja kufaulu mitihani ya shule za kawaida.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Wazazi walishinda kazini, nao watoto wakibaki peke yao walichafua kuta na ngazi za jengo. Hao ndio aliokabidhiwa. Aliwapa vipande vya vitambaa vyororo na vya kukwaruza, wakavitambua kwa vidole macho yakiwa yamefungwa.

Ulipofika wakati wa kusoma, alitaka herufi za mbao, lakini mafundi walikataa kumtengenezea. Je, alikata tamaa? Thubutu! Alichukua msasa, ule wa kusugulia mbao, akakata herufi na kuzibandika kwenye kadibodi laini. Mtoto alipitisha kidole juu yake huku akitamka sauti ya herufi. Kumbe kifaa hicho cha bei rahisi kilikuwa bora kuliko kile cha mbao, maana kidole kikitoka nje ya msasa kinajua papo hapo kwamba kimepotea njia. Siku moja ya Desemba, mvulana wa miaka mitano aliyepewa chaki achore bomba la moshi alishtukia anaandika maneno, akapiga kelele za furaha.

Sifa zake zilienea, lakini maisha hayakuwa mteremko. Mwaka 1934, baada ya kukosana na serikali ya Mussolini, aliihama nchi yake. Tangu 1939 alifundisha walimu nchini India kwa miaka kadhaa. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 81.

Wanachama wenzangu, wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani. Tukiwakuta wanachezea mchanga au vifuniko vya soda, mara twawafokea eti wanajichafua. Tusifanye hivyo. Mwonyeshe mdogo wako kuandika herufi mchangani kwa kidole. Mfungie kitambaa machoni, umpe maharagwe na mahindi ayatenganishe kwa kupapasa. (Yule mdogo sana usimwache peke yake, asije akayatia puani!) Hayo hayahitaji hata senti moja. Dawa ya mikono yenye njaa si kiboko, ni kazi.