Manute Bol, mchezaji mrefu aliyemaliza franga zake juu ya watu wake

Kwa wapenzi wa basketi huku mashariki mwa Congo, jina la Dikembe Mutombo halina haja ya kuelezwa. Lakini miaka sita kabla Mutombo hajaingia katika NBA, kule Marekani kulikuwa tayari mwana mwingine wa Afrika ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia mipira pale juu, karibu na kikapu. Aliitwa Manute Bol. Alitoka inchi jirani, ile inayopakana na Haut-Uele na Ituri, na ambayo leo inaitwa Sudan Kusini.

Alizaliwa kwa Wadinka, watu wa ng'ombe, upande wa Turalei na Gogrial. Karatasi zake zinaonyesha tarehe 16 Oktoba 1962, lakini sawa watoto wengi wa vijiji wakati ule, siku yenyewe haikuandikwa na mtu. Alikua akichunga ng'ombe za baba yake. Alipenda kwanza mpira wa miguu, mpaka urefu ukamkatalia: alifika metre 2 na sentimetre 31. Njo pale ndugu wakamshauri ajaribu basketi. Alianzia muji wa Wau, kisha akapanda Khartoum. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza aliporuka kutia mpira ndani ya kikapu kwa mikono, meno yake yaligonga chuma na mengine yakavunjika.

Mwaka wa 1982, kocha mmoja Mmarekani, Don Feeley, alifika Sudan kufundisha wachezaji wa taifa. Alipomuona Manute, akamsaidia kuvuka bahari. Mwaka wa 1983 ekipe ya San Diego Clippers ilimchagua, lakini wakubwa wa NBA wakakataa juu sheria ya kujiandikisha haikufuatwa. Katika paspoti yake, urefu ulioandikwa ulikuwa wa mtu mfupi kabisa, hata metre 1 na sentimetre 60 haifiki. Maelezo yake yalikuwa rahisi: walimpima akiwa ameketi.

Manute hakujua Kiingereza, akaanza masomo ya lugha. Msimu wa 1984-1985 alichezea Chuo Kikuu cha Bridgeport, halafu mwaka wa 1985 Washington Bullets wakamchukua. Alikuwa mwembamba sana, kilo 90 hivi, na wengi walifikiri wale wachezaji wazito watamvunja. Msimu wake wa kwanza ukawafunga kinywa: alizuia mipira 397, na mpaka leo hakuna mchezaji mpya aliyefikia ile hesabu. Tarehe 25 Januari 1986, ndani ya mechi moja tu, alizuia mara 15.

Wakubwa wa Washington walijua pia kuuza ajabu. Msimu wa 1987-1988 walimuweka pamoja na Muggsy Bogues, mwenye metre 1 na sentimetre 60. Mrefu na mfupi wa NBA nzima katika ekipe moja, picha zao zikaenda kila fasi. Kisha akaenda Golden State, ambako kocha Don Nelson alimuachia atupe mipira ya pointi tatu kutoka mbali. Watu walicheka, lakini wakati mwingine iliingia: mwezi wa Machi 1993, akiwa na Philadelphia, alitia sita ndani ya nusu moja ya mechi juu ya Phoenix.

Alipoacha NBA mwaka wa 1995, alikuwa amecheza mechi 624. Hesabu yake ni ya ajabu: mipira 2.086 aliyozuia, pointi 1.599 alizofunga. Hakuna mchezaji mwingine mwenye kazi ndefu vile aliyezuia kupita alivyofunga. Maisha yake yote ya mchezo ilikuwa kusimama mbele ya nyumba na kukatalia adui kuingia.

Wamarekani walipenda kumuuliza habari ya simba aliyeua kwa mkuki alipokuwa mchungaji. Habari ya vita walimuuliza kidogo. Na vita ilikuwa inawaka kwao tangu mwaka wa 1983, serikali ya Khartoum upande mmoja, SPLA ya John Garang upande mwingine. Vijiji vya Wadinka vilichomwa, ng'ombe zikanyanganywa, watoto wakatembea kwa miguu mpaka Ethiopia. Wengine walikimbilia huku, na watu wa Aba, Faradje na Dungu wanakumbuka wale wakimbizi. Katika ile vita Manute alipoteza ndugu wengi wa ukoo wake.

Franga alizopata hakuziweka. Alitembelea kambi za wakimbizi, akalipa chakula, akasaidia SPLA, akagonga milango ya wabunge kule Washington ili wasikilize. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 3 na nusu. Nyumba yake Khartoum ilijaa ndugu na watu wa ndugu. Mwenye kufahamu maana ya kuwa mtoto mmoja tu wa jamaa aliyefanikiwa ataelewa ile hali bila kuelezwa.

Wakati mapatano fulani yalipotiwa sahihi Khartoum mwaka wa 1997, Manute aliyaamini na akarudi kukaa kule. Ile ilimletea shida kutoka pande mbili. Watu wengine wa kusini hawakumuelewa. Serikali nayo ilimtolea nafasi ya waziri wa michezo, lakini kwa sharti abadilishe dini awe Muislamu. Yeye Mkristo akakataa. Alipotaka kutoka inchi, akazuiwa, akishitakiwa kusaidia waasi. Mwaka wa 2001 alifaulu kutoka na jamaa yake mpaka Misri, na mwaka uliofuata Marekani ikampokea sawa mkimbizi. Yule aliyelisha wakimbizi, sasa yeye mwenyewe akawa mmoja wao.

Hakuwa na kitu tena. Mwaka wa 2002 alikubali kupigana ngumi kwenye televisheni na mchezaji wa zamani, William Perry, na alishinda. Alivaa pia nguo za ekipe ya mchezo wa barafuni, na hata za wapanda farasi wa mashindano, juu watu wanunue tiketi wacheke. Wengi waliona ni aibu, jitu kubwa kufanywa kichekesho. Lakini kwenye ile pigano ya ngumi sharti lake lilikuwa televisheni ionyeshe namba ya simu ya shirika lake la kusaidia Sudan. Kucheka wacheke, mradi watoe.

Mwaka wa 2004 taksi aliyopanda ilipata ajali mbaya, shingo yake ikavunjika. Toka pale mwili haukurudi sawa zamani. Hata hivyo alijiunga na shirika Sudan Sunrise kujenga shule kwao Turalei. Na hapa kuna jambo la kufikiri: kati ya waliofanya naye ile kazi kulikuwa Waislamu wa Darfur, watu wa upande ambao askari wake walikuwa wamechoma vijiji vya Wadinka. Manute alitaka watoto wa pande zote wasome pamoja.

Mwaka wa 2010 alirudi Turalei juu ya shule, na akabaki kwa sababu ya uchaguzi wa mwezi wa Aprili. Alikuwa mgonjwa tayari. Aliporudi Marekani, figo na ugonjwa mukali wa ngozi vilimshinda. Alikufa tarehe 19 Juni 2010 katika muji wa Charlottesville, karatasi zikihesabu miaka 47. Mwili ulirudishwa kuzikwa Turalei. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, tarehe 9 Julai 2011, Sudan Kusini ikapata uhuru. Yeye hakuiona ile bendera.

Mtoto wake, Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum mwaka wa 1999, aliingia NBA kwa ekipe ya Denver, ile ile iliyompokea Mutombo. Baba hakumuachia mali. Alimuachia jina, ambalo kule Turalei wanaokumbuka miaka ya njaa wanalitaja bado kwa heshima.