Stanley na Mashua Yake Katika Ziwa Viktoria

Sisi wanafunzi wa Mbulu na Hanang tumezoea maziwa madogo kama Basotu na Balangida. Ziwa Viktoria ni namna nyingine: upepo ukivuma huko, mawimbi huwa kama ya bahari. Basi napenda kuwaeleza wasomaji, kwa kifupi, maisha ya mtu mashuhuri aliyelizunguka kwa mashua ya tanga, Bwana Henry Morton Stanley.

Alizaliwa mwaka 1841 mjini Denbigh, nchi ya Wales, akaitwa John Rowlands. Alilelewa katika nyumba ya maskini. Alipokuwa kijana akavuka bahari kwenda Marekani, akajipa jina jipya, akawa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1871 alimkuta Dk. Livingstone Ujiji, akapata sifa kubwa.

Novemba 1874 akaondoka Bagamoyo na watu zaidi ya 300. Wapagazi walichukua mashua iitwayo Lady Alice, urefu wake futi 40, iliyogawanywa vipande vitano. Njia yao ilipita Ugogo na Unyaturu, magharibi ya Mlima Hanang. Mwisho wa Februari 1875 wakafika Kageyi, karibu na Mwanza, vipande vikaunganishwa.

Tarehe 8 Machi akatweka tanga na mabaharia wachache, akiwamo Safeni. Katika mashua ndogo, upepo mkali ukija, tanga hupunguzwa, omo huelekezwa kwenye mawimbi, na maji yaingiayo humwagwa nje upesi. Ikipigwa ubavuni hupinduka.

Tarehe 28 Aprili walifika kisiwa cha Bumbire, nao wana njaa. Wenyeji wakaiburuta mashua nchi kavu, wakatwaa makasia. Mabaharia wakaisukuma tena majini, Stanley akapiga bunduki, watu wakafa. Kwa kuwa hawana makasia, waling'oa mbao za ndani ya mashua wakavuta nazo. Kisha dhoruba ikawashika ziwani, wakatupwa huku na huku, mpaka wakafika kisiwa kisicho na watu. Mwezi wa Mei wakarudi Kageyi salama.

Kwa safari hiyo alionyesha kuwa hili ni ziwa moja kubwa, na kwamba maji yake hutoka upande wa kaskazini kuingia Mto Naili, kama alivyosema Speke. Lakini Agosti 1875 alirudi Bumbire na mitumbwi mingi ya Waganda, akawapiga risasi watu waliosimama ufukoni. Walikufa makumi.

Mwaka 1877 akafika mwisho wa Mto Kongo. Baadaye akamtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo. Alikufa London mwaka 1904.

Mimi naona ushujaa wake ziwani ni wa kweli, lakini hakuwa peke yake: mbao zile zilivutwa na mikono ya mabaharia. Tena habari za Bumbire tumezipata kwa kalamu yake. Waliouawa hawakuandika kitabu. Tukimsoma darasani, tuwakumbuke na hao.