Maisha ya Bruce McLaren, Fundi na Dereva

Wanafunzi wenzangu, pamoja nanyi ndugu zetu wa zamani mliokwisha kuondoka shuleni, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za wafalme, wapelelezi wa nchi na watunga sheria. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye mikono yake ilikuwa na grisi. Sababu yangu ni hii: sisi wa kidato cha juu mwaka huu tunachagua njia za maisha yetu, na mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba kazi ya gereji ni ya mtu aliyeshindwa mtihani. Nimesoma maisha ya Bruce McLaren, nami naona neno hilo halina ukweli.

Bruce alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1937, katika mji wa Auckland, nchi ya Nyuzilandi. Baba yake, Les, alikuwa na kituo cha petroli na gereji, basi mtoto akakua katikati ya harufu ya mafuta na mlio wa nyundo. Alipopata miaka 9 alianza kuchechemea. Madaktari walimpima, wakakuta ana ugonjwa wa nyonga uitwao Perthes. Katika ugonjwa huo damu haifiki vema kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa unadhoofika na kuharibika. Siku zile tiba yake ilikuwa kulala tu, mguu ukivutwa kwa uzito. Mtoto alilazwa hivyo kwa muda wa kama miaka miwili, wenzake wakicheza nje. Alipoinuka, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, akachechemea mpaka mwisho wa maisha yake.

Baadaye baba yake alinunua gari dogo la mashindano, Austin 7 Ulster la mwaka 1929, likiwa katika hali mbaya. Baba na mwana walilifumua, wakalijenga upya, na kijana akajifunza kila nati na kazi yake. Alipokuwa na miaka 15 aliingia katika mashindano yake ya kwanza, ya kupanda mlima kwa gari. Akaingia pia Chuo Kikuu cha Auckland kusomea uhandisi, lakini hakumaliza, kwa maana mwaka 1958 alichaguliwa kupata msaada wa kwenda Ulaya kushindana.

Huko Uingereza aliingia katika kundi la Cooper. Tarehe 12 Desemba, 1959, walikuwa Sebring, Marekani, katika shindano la mwisho la mwaka. Mwenzake mkubwa, Jack Brabham, alikuwa mbele, Bruce akimfuata nyuma. Katika mzunguko wa mwisho petroli ya Brabham ikakatika. Bruce akampita, akashinda kwa tofauti isiyofika sekunde moja mbele ya Mfaransa Maurice Trintignant. Brabham alishuka akalisukuma gari lake kwa mikono mpaka mstari, akawa wa nne, na ubingwa wa dunia ukawa wake. Bruce alikuwa na miaka 22 tu.

Hapa ndipo nilipoanza kupendezwa hasa. Magari ya Cooper yalikuwa na injini nyuma ya dereva, jambo lililokuwa geni kwa wengi. Lakini nyuma yalichukuliwa na springi ya mapande ya chuma bapa yaliyolaliana, kama tunazoziona chini ya malori. Springi hiyo ilifanya kazi mbili: kubeba uzito na kusaidia kushika magurudumu mahali pake. Mwanzoni mwa mwaka 1960 Bruce alishinda Ajentina, lakini Cooper waliona kwamba wapinzani wanawakaribia. Wakajenga gari jipya la chini zaidi, na nyuma wakaweka springi za kuzunguka kama nyoka aliyejiviringa. Sasa mikono ya chuma ilishika gurudumu, na springi ikabaki na kazi moja ya kubeba. Gurudumu likawa linasimama vizuri zaidi barabarani penye kona. Mwaka huo Brabham akawa bingwa tena, na Bruce wa pili.

Mwaka 1963 Bruce alianzisha kampuni yake mwenyewe. Haikupita muda, msiba ukaja: mwezi wa Februari, 1964, kijana wa Kimarekani aliyekuwa katika kundi lake, Timmy Mayer, alikufa akifanya mazoezi huko Tasmania. Bruce alijua tangu siku hiyo bei ya kazi yake, naye hakuiacha.

Mwaka huohuo alinunua gari lililoitwa Zerex Special, kwa jina la dawa itiwayo katika maji ya rejeta. Asili yake lilikuwa Cooper lilelile la chini nililolitaja. Lilikuwa limevunjika katika ajali Marekani mwaka 1961, na Roger Penske akalinunua na kulivika bodi la gari la michezo. Injini yake ilikuwa Climax ya silinda 4. Bruce alishinda nalo hivyo lilivyokuwa, lakini aliona kwamba nguvu zake zitapitwa upesi. Akaamua kuitoa injini ile na kuweka Oldsmobile ya Marekani, yenye silinda 8 na iliyotengenezwa kwa alumini. Ilitoka kiwandani ikiwa na ujazo wa lita 3.5, wala haikuwa nzito kama injini nyingine za silinda 8.

Msidhani kwamba kubadili injini ni kufungua boliti na kufunga boliti. Injini yenye nguvu nyingi huisokota fremu, na fremu ikijipinda magurudumu hayakai tena kama fundi alivyoyapima. Tena uzito ukiongezeka nyuma, springi hushuka, na shokabsoba zilizofaa jana hazifai leo. Kwa hiyo Bruce na mafundi wake walikata sehemu ya katikati ya fremu, wakachomelea mabomba mapya yenye nguvu zaidi. Kazi hiyo waliifanya New Malden, karibu na London, katika banda lenye sakafu ya udongo, wakigawana nafasi na mtambo wa kutengeneza barabara. Muda ulikuwa mfupi hata hawakuwahi kutengeneza ekzosi kamili. Mabomba manane yalitokeza juu nyuma ya gari kama tarumbeta. Rangi nayo ilikuwa ya kijani, ile iliyopatikana. Mwezi wa Juni, 1964, wakalipeleka Mosport, Kanada, nalo likashinda mara ya kwanza tu lilipotoka.

Kutoka banda lile yakazaliwa magari yenye jina lake. Mwaka 1966 alishinda saa 24 za Le Mans pamoja na Chris Amon, mwananchi mwenzake, katika gari la Ford. Mwaka 1968 alishinda Ubelgiji katika gari alilolijenga mwenyewe. Mwaka 1969, katika mashindano ya Can-Am ya Marekani na Kanada, yeye na Denny Hulme, Mnyuzilandi mwingine, walishinda yote 11, na Bruce akawa bingwa.

Tarehe 2 Juni, 1970, alikuwa Goodwood, Uingereza, akijaribu gari jipya. Alipokuwa katika mwendo mkali, bodi la nyuma liling'oka. Upepo uliokuwa ukiligandamiza gari chini ukakosa mahali pa kushika, gari likatoka njiani na kugonga kizuizi. Bruce akafa palepale, akiwa na miaka 32. Aliacha mke, Patty, na binti mdogo, Amanda.

Kesho yake mafundi waliambiwa wakae nyumbani, lakini walikuja kazini. Siku 12 baada ya kifo chake, gari la aina ileile lilishinda Mosport likiendeshwa na Dan Gurney. Mwaka 1974 kundi lake lilipata ubingwa wa dunia, na hata leo jina lake lingali katika mashindano.

Katika maisha haya naona mambo mawili, nayo hayatengani. Mkono wa fundi waweza kumwinua mtoto aliyelala kitandani akafika mbali kuliko wenye miguu mizima. Lakini kazi hiyo haina huruma: kitu kimoja kikilegea, mtu hufa, ajapokuwa mwerevu namna gani. Kazi inayodai uangalifu kiasi hicho haiwezi kuitwa kimbilio la walioshindwa. Hesabu na fizikia tunazosoma darasani ndizo zilizokuwa sakafuni pa banda la New Malden.

Nanyi ndugu zetu wa zamani, wako miongoni mwenu wenye gereji na karakana. Tunaomba mtupokee wakati wa likizo, hata kama ni kuosha vyuma na kushika taa. Wako wanafunzi hapa ambao wangekuja kwa furaha, nami ni mmoja wao.