Agostinho Neto: munganga aliyefungwa juu ya mashairi, kisha akawa raisi

Tarehe 8 mwezi wa sita 1960, zikibakia siku 22 tu Kongo ipate uhuru wake, polisi wa siri wa Wareno walimkamata munganga mmoja ndani ya kliniki yake mjini Luanda. Jina lake António Agostinho Neto. Alikuwa na miaka 37. Wakoloni hawakumwogopa juu ya dawa alizokuwa anatoa. Walimwogopa juu ya politiki, na juu ya mashairi aliyokuwa anaandika toka ujana.

Watu wa kwao, upande wa Icolo e Bengo na Catete, waliposikia habari ile walitoka kwenda kuomba aachiliwe. Askari wakawapiga risasi. Hesabu inayojulikana ni watu wapatao 30 waliouawa na 200 walioumia. Huku Kongo, watu walikuwa wanajitayarisha kucheza Indépendance. Ngambo ya pili ya mpaka, Ureno ilikuwa inaonyesha kwamba yenyewe haina mpango wa kuondoka.

Mtoto wa pasta

Neto alizaliwa tarehe 17 mwezi wa tisa 1922 katika kijiji cha Kaxicane. Baba yake alikuwa pasta wa Kanisa la Methodisti, kanisa ambalo wakaaji wa Kindu na Kamina wanalifahamu vizuri. Mama yake alikuwa mwalimu. Ile wakati, mtoto mweusi kumaliza sekondari katika Angola ilikuwa jambo la nadra sana. Yeye alimaliza Luanda mwaka wa 1944, akatumika miaka kidogo katika kazi ya afya ya serikali, na mwaka wa 1947 akapanda meli kwenda Ureno kusoma uganga. Kanisa lake lilimsaidia na pesa ya masomo.

Ili kuelewa mashairi yake, inafaa kujua Angola ya ile siku ilikuwa namna gani. Sheria iligawanya watu weusi mara mbili. Kulikuwa kikundi kidogo cha walioitwa assimilados, waliokubaliwa kuwa wamefanana na Wareno, karibu na wale Wabelgiji walioita évolués huku Kongo. Wengine wote, maana yake karibu watu wote, walikuwa wenyeji wasio na haki. Hao ndio walikamatwa kwa kazi ya lazima: kutengeneza barabara, kulima pamba, kuvuna kahawa. Wengine walipelekwa kwa meli mpaka visiwa vya São Tomé kutumika katika mashamba ya kakao. Waliitwa watu wa kontra, lakini hiyo kontra hawakuichagua. Wazee wa Maniema na Katanga wanaokumbuka pamba ya lazima na fimbo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mashairi yaliyotoka kwa mkono

Mwaka wa 1948, kule Luanda, vijana waandishi walianzisha mwendo wa kuijua Angola yao wenyewe. Shuleni walikuwa wamefundishwa mito na wafalme wa Ureno, lakini historia ya mababu zao hapana. Viriato da Cruz na António Jacinto walikuwa kati yao. Neto alijiunga nao akiwa mbali. Kule Lisbon naye alikutana na Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau na Cape Verde, na Mário Pinto de Andrade wa Angola. Mwaka wa 1951 walianzisha pamoja kituo cha masomo ya Afrika. Hawa wanafunzi wachache ndio walikuja kuongoza vita vya uhuru katika inchi zao.

Ndani ya mashairi ya Neto hamna maua mengi. Muna mama muuzaji wa matunda anayetembea na mzigo juani siku nzima. Muna watu wa kontra wanaopita katika mstari barabarani na mizigo mgongoni, na bado wanaimba. Muna gari la moshi linalopanda mlima kwa shida. Muna mama anayeagana na mtoto wake. Mwaka wa 1953, wakoloni walipoua mamia ya watu katika São Tomé, kwa sababu wakaaji walikataa kulazimishwa kutumika katika mashamba, Neto aliandika shairi juu ya mauaji yale. Magazeti ya Ureno yalikuwa chini ya sensa. Shairi fupi, lililonakiliwa kwa mkono na kushikwa kwa kichwa, liliweza kupita pale gazeti halikuweza.

Mengine yaligeuka nyimbo. Shairi la rafiki yake Jacinto juu ya mtu wa kontra lilitiwa muziki na Ruy Mingas, na mtu asiyejua kusoma aliweza kuliimba. Polisi walielewa nguvu hiyo. Jacinto alitupwa katika kambi ya Tarrafal, Cape Verde, akakaa miaka mingi.

Buloko baada ya buloko

Neto mwenyewe alijua gereza mapema. Mara ya kwanza alikamatwa akikusanya sahihi za watu juu ya amani ya dunia. Mwaka wa 1955 walimkamata tena, akakaa mpaka 1957. Waandishi wakubwa wa Ufaransa, kati yao Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir, waliomba aachiliwe. Alipotoka alimaliza masomo mwaka wa 1958, akaoa Maria Eugénia da Silva, mwanamke Mreno, na mwaka uliofuata akarudi Luanda kufungua kliniki.

Kisha ikafika 1960. Walimtoa Angola, wakamfunga Lisbon, wakampeleka Cape Verde, wakamrudisha Lisbon. Shairi lake linalojulikana kuliko yote, lile la kuahidi kurudi nyumbani, aliliandika gerezani mwaka ule. Mwezi wa tano 1961, wakili Mwingereza Peter Benenson aliandika katika gazeti la London juu ya wafungwa waliosahauliwa, na Neto alikuwa mmoja wa wale aliowataja kwa jina. Kutokana na makala ile ndipo Amnesty International ilizaliwa. Mwaka wa 1962 Wareno walimtoa gerezani lakini wakamkataza kuondoka Ureno. Akatoroka kwa mashua pamoja na mke na watoto, wakafika Marok.

Kinshasa, kisha ngambo ya mto

Toka Marok, Neto alikuja Léopoldville, Kinshasa ya leo. Maelfu ya Waangola walikuwa wamekimbilia Kongo baada ya vita kuanza mwaka wa 1961, na chama chake, MPLA, kilikuwa na waganga waliowahudumia. Mwezi wa kumi na mbili 1962, mkutano wa chama katika mji huo ulimchagua kuwa mkubwa wake.

Lakini serikali ya Kongo ilisimama na Holden Roberto, mkubwa wa FNLA. Mwaka wa 1963 MPLA ilifungiwa ofisi, ikavuka mto kwenda Brazzaville. Ugomvi wa vyama hivi viwili ulimaliza watu hapa hapa kwenye udongo wa Kongo. Deolinda Rodrigues, mwanamke wa MPLA ambaye naye aliandika mashairi, alikamatwa na FNLA mwezi wa tatu 1967 pamoja na wanawake wengine wane. Hakurudi tena. Tarehe 2 mwezi wa tatu, siku waliyokamatwa, imekuwa siku ya mwanamke katika Angola.

Kupitia Zambia na Dar es Salaam, MPLA ilifungua vita mashariki ya Angola. Mashairi ya Neto nayo yalitembea. Mwaka wa 1974 kitabu chake, Tumaini Takatifu, kilitoka Lisbon kwa Kireno, na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa kwa Kiingereza.

Siku mshairi alishika radio

Mwezi wa ine 1974 askari waliangusha serikali ya Ureno. Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1975, Neto alitangaza uhuru wa Angola. Siku moja mbele, askari wa FNLA na wa Mobutu walikuwa wamerudishwa nyuma pale Kifangondo, karibu na Luanda, na wapiganaji wa MPLA waliosaidiwa na Wakuba. Mwezi uliofuata waandishi wa Angola walianzisha umoja wao, na Neto akawa kati ya wakubwa wake wa kwanza. Inchi chache zimepata raisi wa namna ile.

Sasa inakuja sehemu ambayo Waangola wengi walikatazwa kuizungumza kwa miaka mingi. Wenzake wa zamani walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Viriato da Cruz aligombana naye mwaka wa 1963, akafia Beijing 1973. Mário de Andrade, aliyekuwa mkubwa wa MPLA mbele yake, alimaliza maisha nje ya inchi. Tarehe 27 mwezi wa tano 1977, watu wa Nito Alves, aliyekuwa waziri na ambaye naye alikuwa ametoa kitabu cha mashairi, waliasi mjini Luanda. Walishambulia gereza na kushika radio ya taifa. Waliua wakubwa kadhaa wa serikali, kati yao Saydi Mingas, waziri wa pesa, ndugu ya yule Ruy aliyeimba mashairi.

Uasi ulizimwa siku ile ile. Lakini Neto alitangaza kwamba hakutakuwa na msamaha, wala wakati hautapotezwa na makesi. Kwa miezi mingi vijana walichukuliwa manyumbani, mashuleni, jeshini. Maelfu waliuawa bila kuhukumiwa, na hesabu kamili inabishaniwa mpaka leo. Mtu aliyejua buloko ya polisi wa siri, ambaye dunia nzima ilikuwa imempigia kelele ili asisahauliwe, aliacha watu wa inchi yake wapotee bila hata kaburi.

Mwaka wa 1978 alikuja Kinshasa kupatana na Mobutu, baada ya vita mbili za Shaba zilizoanzia Angola. Tarehe 10 mwezi wa tisa 1979 alifia Moscow kwa ugonjwa wa kansa, wiki moja mbele ya kutimiza miaka 57.

Siku yake ya kuzaliwa ni sikukuu ya taifa katika Angola, na watoto wa shule wanashika mashairi yake kwa kichwa. Mwaka wa 2021 raisi João Lourenço aliomba msamaha kwa jina la serikali juu ya mauaji ya 1977, na kazi ya kutafuta mifupa ikaanza. Jamaa nyingi bado zinangojea. Mama wanaodai mifupa ya watoto wao wanafanana sana na wale mama ambao Neto aliandika juu yao, akiwa bado kijana, bila cheo.