Semmelweis: Daktari Aliyeshindwa Kujisamehe

Wale mnaosomea udaktari bila shaka mmeshalisikia jina la Ignaz Semmelweis. Sisi wa uhandisi hatulisikii sana, ila maisha yake yanamgusa yeyote ambaye akikosea kazini anaumia mtu mwingine.

Alizaliwa Buda, Hungaria, mwaka 1818. Mwaka 1846 akawa daktari msaidizi kwenye wodi ya wazazi ya hospitali kuu ya Vienna. Wodi zenyewe zilikuwa mbili: moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Mwaka huo kwa madaktari walikufa wazazi zaidi ya 11 katika kila 100, kwa wakunga hawakufika 3. Kina mama walikuwa wanalia wasipelekwe kwa madaktari! Ugonjwa ulikuwa homa ya uzazi.

Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zile zile. Hapo Semmelweis akang'amua kuwa madaktari walikuwa wanatoka kwenye maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi, sumu wakiibeba mikononi. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 vifo vikashuka hadi mmoja na kidogo katika kila 100.

Ungetegemea afurahi, siyo? Lakini yeye mwenyewe alikuwa akipasua maiti kila asubuhi, tena kwa bidii, akitafuta chanzo cha vifo hivyo. Kumbe bidii ile ile ndiyo iliyokuwa inaua. Baadaye aliandika kwamba idadi ya aliowapeleka kaburini anaijua Mungu tu. Na hakuwa peke yake. Gustav Michaelis wa Kiel, Ujerumani, alipoukubali ugunduzi huo alimkumbuka ndugu yake aliyefariki baada ya kuhudumiwa naye. Mwaka 1848 akajitupa mbele ya treni.

Wakubwa wengi walimpinga Semmelweis. Mwaka 1850 akaondoka Vienna ghafla bila kuaga hata rafiki zake, akarudi Pest. Kitabu chake kilitoka 1861, na waliokikataa akawaandikia barua za wazi akiwaita wauaji. Mimi naona hukumu aliyokuwa anawapa wenzake alishajipa yeye mwenyewe zamani.

Julai 1865 alipelekwa kwa hila kwenye hospitali ya vichaa Vienna. Inasemekana alipotaka kutoka walinzi walimpiga. Alifariki Agosti 13, akiwa na miaka 47, kwa kidonda kilichooza na sumu kuingia kwenye damu, karibu sawa na wale kina mama.