Apgar, daktari aliyewapigania vichanga

Wazazi wengi huambiwa mtoto wao amezaliwa na alama tisa kwa kumi, wakadhani ni mzaha wa mkunga. Mimi naona wana haki ya kumjua aliyebuni mtihani huo: Dkt Virginia Apgar, Mmarekani aliyezaliwa New Jersey mwaka wa 1909.

Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka wa 1933 akitamani upasuaji. Mkuu wake alimshauri auache, akageukia kazi ya kutia wagonjwa nusukaputi. Watoto ndio waliofaidi, nadhani, kwani kazi hiyo ilimfikisha vyumba vya kujifungulia. Huko macho yalikuwa kwa mama. Kichanga aliyelegea, asiyelia, mara nyingi aliachwa tu.

Mwaka wa 1952 Apgar aliwasilisha kipimo chake. Dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, mhudumu huangalia mapigo ya moyo, pumzi, nguvu za misuli, anavyoshtuka akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2. Sasa hakuna aliyeweza kumpita kichanga bila kumtazama!

Siku hizi wahudumu hufunzwa wasingoje hata dakika hiyo: asiyepumua hukaushwa, husuguliwa mgongo, kisha hupewa hewa kwa mfuko na barakoa.

Mwenyewe, hadi alipofariki Agosti 1974, alijulikana kwa kutembea na kisu kidogo na mpira wa kupitishia hewa, endapo angekuta mtu amekabwa njiani.