Sheikh Jassim na bendera ya Waturuki mjini Doha

Mwaka 1867, majeshi ya Bahrain na Abu Dhabi yaliivamia Doha na kuuacha mji huo wa wapiga mbizi wa lulu ukiwa magofu. Mwaka uliofuata, kiongozi wake, Mohammed bin Thani, alitia saini mapatano na Uingereza.

Mwanawe, Jassim, alitafuta mlinzi mwingine. Majeshi ya Dola ya Uthmania yalipowasili mwaka 1871, aliipokea bendera yao, na Doha ikaingia katika dola hiyo bila vita. Mwaka 1876 Waturuki walimteua kaimakamu, yaani mkuu wa wilaya.

Lakini mlinzi aligeuka bwana. Mwaka 1893, gavana wa Basra, Mehmed Hafiz Pasha, aliwasili na askari wapatao 200, akamtia kizuizini Ahmed, nduguye Jassim. Mapigano yakazuka Al Wajbah, na Waturuki wakashindwa.

Jassim alifariki dunia Julai 1913, na askari wa mwisho wa Kituruki waliondoka Doha mwaka 1915. Hadi leo Qatar huadhimisha Desemba 18, siku aliyorithi uongozi mwaka 1878.